Shwari ya Chini

Mjusi lilikuwa jina lake la kazini, kwa sababu hakuna mnara wa simu uliomshinda kupanda. Mimi nilimshikia kamba chini. Dada yake, mtabiri wa hali ya hewa, alituchosha wote wawili kwa somo moja kila tulipokula kwake.

"Msiuamini upepo wa chini. Huku unasuguana na nyumba na miti, unapungua nguvu, unavutwa kwenye mgandamizo mdogo wa hewa. Juu hakuna cha kuusugua. Unafuata mistari ya mgandamizo, na mistari ikijipinda, nao unajipinda. Utawatokea upande msioutazamia. Kabla hujapanda, niulize."

"Sawa, mwalimu," Mjusi alimtania. Lakini aliuliza kila mara; ubishi wake ulikuwa wa mdomoni tu.

Asubuhi ile nguo zilizoanikwa jirani na mnara zilitikisika kidogo. Mjusi akafunga mkanda, akampigia dada yake, mimi nikisikia.

"Dada, shwari?"

"Shwari, mdogo wangu. Nimebanwa na ramani hapa, nitakupigia."

Akakata simu, akanikonyeza. "Umesikia? Shwari."

Tulikuwa tunapandisha dishi. Kwa kuzitazama nguo tulijua upepo unakotoka, basi Mjusi akakaa upande huohuo, ili dishi lisukumwe mbali naye. Lilipovuka mapaa, kamba ikanichuna viganja. Nguo bado zilining'inia kivivu. Huko juu upepo ulikuja kutoka ubavuni, ukalizungusha dishi, likampiga kichwani. Mkanda ulimshika vizuri, hakuanguka. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyozichukia nguo zile.

Baada ya maziko dada yake alinivuta pembeni, macho yamevimba.

"Nilikuwa naichora ile ramani, ndugu yangu. Mistari imebanana, imejipinda juu ya vichwa vyenu. Naye akanipigia! Akanisalimia tu, nikamwitikia. Siku zote ananiuliza. Mbona siku ile hakuniuliza?"

Neno lilinifika kooni. Nikalimeza, likashuka kama mwiba wa samaki.

"Ubishi, dada," nikasema. "Si unamjua?"

Akatikisa kichwa, akalia kwa hasira, akamtukana mdogo wake kwa mapenzi. Nilimsingizia marehemu, na akiniuliza tena nitamsingizia tena.