Kibao cha Pili Miguuni pa Ndege

Kwenye jumba la makumbusho walimwita Mzee Pamba, kwa kuwa ndiye aliyewajaza ndege pamba na kuwasimamisha vijitini kama wazima. Mmoja alimpenda kuliko wote: wa mwisho wa aina yake, hayupo tena popote duniani. Kibao chake kilimtaja hata mwindaji aliyempiga risasi, na Mzee Pamba hakumsamehe. Kila kundi la wageni alilisomesha jina lile kwa sauti, kisha akang'aka, "Mtu mzima, macho anayo, anamaliza kiumbe kizima! Hakuona haya?"

Mwezi ule mpwa wake, mtafiti wa mimea, alisafiri kikazi. Kabla ya kuondoka alimwonyesha picha ya kuvumwani, vile vimea vya kijani vinavyotambaa kwenye mawe mabichi, ameikuza mpaka ikaonekana msitu. "Aina hii duniani imebaki hapo nyuma ya jumba tu, mjomba, chini ya bomba linalovuja. Niangalizie."

"Nenda zako, mwanangu. Mimi nipo."

Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Hata kwenda kuinama aitazame, hakwenda. Wiki ya pili akataka kumpamba ndege wake. Alichukua kisu, akakwangua kijani alichokikuta nyuma, akakipaka gundi na kukitandika miguuni pake. Kilipendeza kweli.

Mpwa aliporudi alimkuta katikati ya hotuba. Mpwa hakumtazama ndege. Alipiga magoti mbele ya kioo cha kabati lake, akikikazia macho kijani kile.

"Hii umeitoa wapi, mjomba?"

Mzee angeweza kusema sokoni. Uongo ulikwisha kufika ncha ya ulimi. Lakini wageni walikuwa bado wanalitamka jina la mwindaji, na aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka. "Nyuma," akasema. "Chini ya bomba."

Mpwa hakumfokea; afadhali angemfokea. Walikwenda pamoja, wakakuta kipande cha ukubwa wa ukucha kimesalia ndani ya ufa. Mpwa alikizungushia wavu, akaufunga kwa kufuli. Mzee alinyoosha mkono kupokea ufunguo. Mpwa akautia mfukoni mwake mwenyewe.

Kesho yake vibao vilikuwa viwili. Wageni walisoma jina la mwindaji, wakashuka kwenye cha pili: kuvumwani, na jina kamili la aliyeikwangua, la baba yake na la babu yake.

"Na huyu je?" mama mmoja akauliza. "Naye hakuona haya?"

"Anaona," akasema Mzee Pamba. "Ni mimi."