Gunia la Ubatizo

Bwawa letu lilijengwa ili likae bila maji, na watu wa hapa Chepseon hawakulipenda tangu mwanzo. Kaunti ilileta tingatinga, likasukuma ukuta wa udongo mwekundu kuziba bonde, na chini ya ukuta wakapitisha bomba la saruji. Fundi alisema bomba hilo lisizibwe kamwe. Mvua kubwa ikija, maji yatajaa na kutoka polepole, badala ya kushukia nyumba za bondeni kwa kishindo. Wenye ng'ombe walinung'unika. Bwawa gani hili lisilo na maji ya kunywesha hata ndama?

Kanisa letu nalo likaona lake. Sisi tunabatiza kwa kuzamisha, na mto wetu ni mawe matupu na maji ya magoti. Kwa hiyo kila msimu wa ubatizo wazee walijaza udongo kwenye gunia, wakaliingiza kwenye mdomo wa bomba kwa upande wa ndani, na baada ya siku chache maji yalifika kifuani. Ibada ikiisha, mtu alizama na kulitoa. Mtu huyo alikuwa Kepher, mume wangu, kwa sababu alikulia ziwani na ni yeye peke yake aliyejua kupiga mbizi. Wazee wengine ni watu wa milimani. Maji yakiwafika kiunoni wanaanza kuomba.

Aprili mwaka jana wazee waliamua gunia likae wiki moja zaidi, kwa kuwa kulikuwa na waumini kutoka Soin waliotaka kubatizwa. Kepher alikataa, wakamshinda kwa wingi wa mikono. Katikati ya wiki mvua ikanyesha mchana kutwa, maji yakakaribia juu ya ukuta. Kepher akatoka kiwanda cha chai mbio, akavua buti, akaingia na kisu. Alilikata gunia. Bomba lilipofunguka lilivuta mkono wake, na halikumwachilia.

Ukuta ulisimama. Hakuna nyumba hata moja bondeni iliyoingia maji. Bwawa lilipokauka ndipo wakamtoa, na mimi sikwenda kuona.

Tulimzika kwao, kule ziwani. Mama mkwe wangu, Ayoo, aliyachunguza macho yangu matanga yote asione chozi. "Huyu mwanamke aliumbwa na nini?" aliwauliza watu mbele yangu. Hata mimi ningependa kujua. Sikuwa na uchungu wala hasira. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Nilirudi, nikachuma chai, nikapika, nikalala. Watu waliniita mke wa shujaa, nami nikaitika kama ninavyoitika muuza duka akiniuliza kama nataka sukari. Chepkosgei, ambaye nyumba yake iko chini kabisa ya ukuta, aliniletea kibuyu cha maziwa kila Jumapili. Alikiweka mlangoni, akaenda zake.

Mwaka huu mchungaji alikuja na mzee James, kiongozi wa wazee wa kanisa. Niliwapa chai.

"Mama Lynn," James alisema, "kamati ya bwawa imesema tusiguse hiyo bomba mpaka wewe ukubali."

"Na nikikataa?"

"Basi. Watoto watangoja."

Hapana ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lakini Lynn, binti yangu, alikuwa kwenye orodha ya wanaobatizwa, na alitusikia kutoka jikoni.

"Mum, mimi nataka hapo," alisema. "Daddy aliniambia siku yangu ikifika atasimama kwa maji na mimi."

"Pale alikufia?"

"Si ndio pale alikuwa anasimama pia?"

Nilingoja moyo useme kitu. Haukusema. Nilichowaza ni lile gunia tu.

"Kamba mlikuwa mnafunga wapi?" nikamuuliza James.

"Kamba gani?"

"Ya kuvuta gunia. Mtu akiwa huku juu, pakavu."

James aliangalia birika. Mchungaji akamwangalia James. Miaka yote hiyo hawakufunga kamba, kwa sababu Kepher alikuwepo.

"Nakubali," nikasema. "Lakini kamba nafunga mimi, na mimi ndiye nitavuta. Siku hiyo hiyo. Hakuna wiki nyingine."

Nilinunua kamba ya manila sokoni, nikaifunga kwenye gunia kama mtu anayefunga mbuzi asiyemwamini, kabla ya wazee kuliingiza kwenye bomba. Siku ya ubatizo nilisimama juu ya ukuta nimeishika. Lynn alizamishwa wa mwisho. Akatoka anatetemeka, akaja moja kwa moja kwangu. Mchungaji akaanza kushukuru wageni. Upande wa juu mawingu yalikuwa yanakusanyika, na mimi sikungoja amina. Nikavuta. Gunia likagoma. Mikono ikashika kamba nyuma yangu, nikageuka nikaona ni Chepkosgei, ambaye hata si wa kanisa letu. Lynn akashika pia. Tukavuta hadi likatoka, bomba likanguruma, na kwaya ikakatika katikati ya wimbo.

Watu walienda kula. Mimi nilibaki nimeketi ukutani na Lynn ndani ya leso yangu, maji yakishuka, hadi mdomo wa bomba ukaonekana.

Mwaka mzima nilikuwa nimeuwaza kuwa kitu kikubwa, kitu cha kuweza kumeza mwanamume. Ulikuwa mdogo. Sufuria niliyokuwa nikisongea ugali wetu sisi watatu ingeuziba.

"Kumbe ni hako tu?" nikasema.

"Ni hako tu, Mum."

Hasira ikanipanda kutoka miguuni. "James!" niliita, bila kumwita mzee. "Kuja hapa uone!"

Alikuja na sahani yake ya wali mkononi. Nilitaka kumwambia habari ya kamba, kwamba ilikuwa kamba tu, kamba ya sokoni. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kilio, kile cha kule ziwani kinachosikika boma hadi boma, kile Ayoo alichokingoja hadi akachoka. James aliweka sahani chini, akavua kofia. Nikalia mpaka mvua ikatukuta pale.