Mlezi wa Namba 214

Siku tulipogawiwa miti nilivaa gauni langu la ibada, kwa sababu niliona kukabidhiwa kiumbe cha Mungu si jambo la kuliendea na nguo za kazi.

Ofisi ya mtaa ilikuwa imejaa. Ofisa wa halmashauri alitueleza kwamba jiji lina miti elfu kumi na moja kando ya barabara na wamwagiliaji kumi na tisa, mmoja wao akiwa likizo ya ugonjwa. Kwa hiyo kila mti utapata mkazi wa kuulea. Mlezi ataumwagilia ndoo mbili kwa wiki, atapalilia shina lake, na kila mwisho wa mwezi ataandika hali yake kwenye kadi. Na asiguse mti wa mwenzake. Hilo alilirudia mara mbili, kwa sababu mtaa wa pili watu wawili walikuwa wamemwagilia mti mmoja kwa kushindana mpaka ukaoza mizizi, wakapelekana polisi.

Niliitwa, nikatia sahihi, nikapewa kadi inayofanana na ya kliniki ya mtoto. Mti namba 214. Nikauombea hapohapo, kimoyomoyo.

Nilikuwa na matumaini yangu. Mimi ni fundi cherehani. Marehemu mume wangu alituachia mimi na dada yake chumba kimoja, ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Wifi anapiga pasi nguo za watu humo ndani, kwenye meza iliyobanana na kitanda. Mimi nina miaka hamsini na mitatu, na humo ndani siwezi kutunga uzi kwenye sindano hata saa sita mchana. Ndiyo maana kwa miaka tisa cherehani yangu imekaa nje, chini ya mti wa mkungu ulio mbele ya mlango wetu. Kivuli kile ndicho ofisi yangu. Mkungu ule ndio niliokuwa nauomba.

Kila mti jijini ulikuwa umepigiliwa kibati chenye namba wakati wa hesabu ya miti, kiangazi kilichopita. Nilipofika nyumbani nikauzunguka mkungu mara mbili. Haukuwa na kibati. Hatua tatu kutoka hapo kuna nguzo ya umeme, ya mbao, iliyopakwa lami chini. Kibati namba 214 kilikuwa pale, kimepigiliwa kwa misumari miwili, kimenyooka vizuri.

Nikarudi ofisini kabla hawajafunga.

"Namba 214 ni nguzo," nikamwambia karani.

Akafungua kitabu. "Hapa imeandikwa mti."

"Nimetoka kuiona sasa hivi. Ina waya."

"Mti mmoja, mrefu, hauna majani." Akanigeuzia kitabu nisome mwenyewe. "Unaona? Mgonjwa. Kwani mti ungekuwa mzima tungeupa mlezi wa nini, mama fundi? Si ungejilea wenyewe."

"Na ule mkungu wa mlangoni kwangu?"

Akateremsha kidole ukurasa mzima, akageuza, akateremsha tena. "Huku hakuna mkungu."

Nilikuwa nimeshatia sahihi kwamba nitamwagilia namba 214 ndoo mbili kwa wiki. Sahihi ni ahadi, na mimi ahadi huwa nazitimiza hata zile zinazonifanya nichekwe. Jumatano ile nikamwagia nguzo ndoo ya kwanza.

Wifi alisimama mlangoni na pasi yake mkononi, inatoa moshi.

"Wifi yangu, mwaka huu tutavuna nini? Balbu?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza ili nitafute kapu mapema."

Asubuhi katika maombi niliiweka kwenye fungu la wagonjwa, baada ya jirani mwenye kisukari. Wifi hufumba jicho moja tu wakati wa maombi.

"Huyo mia mbili kumi na nne ni nani?" akauliza tulipomaliza.

"Si unamjua."

"Basi mwombee na transfoma, isije ikaona wivu."

Kwenye kadi sikutaka kuandika uongo. Mwezi wa kwanza niliandika: Umesimama wima. Mwezi wa pili: Umesimama wima, hakuna wadudu. Mwezi wa tatu ilipita mvua kubwa yenye upepo, nikaandika: Haukutikisika.

Kila baada ya miezi mitatu alikuja mkaguzi kwa baiskeli. Mtaa mzima tulimwita Bwana Miti. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu nne mfukoni na daima moja tu inayoandika. Mara ya kwanza alipofika nilimpeleka mbele ya kibati, nikasubiri.

"Bwana, hii ni nguzo."

"Naiona, mama fundi."

"Sasa?"

"Mimi nakagua. Kuandikisha ni kazi nyingine." Akaitazama nguzo kutoka chini hadi juu, akaandika: Hali, mgonjwa. Shina, zuri sana. Kisha akanipongeza kwamba mimi ndiye mlezi pekee wa mtaa ule ambaye hajawahi kukosa wiki.

Mkungu sikuugusa, maana haukuwa wangu. Lakini ardhi pale ina mteremko kidogo, na maji niliyomwagia nguzo yaliteremka yakatuama kwenye mizizi ya mkungu. Mimi sikuyaelekeza. Mwaka ule mkungu ulitoa majani mapana kama sahani, nikapata kivuli cha mabenchi mawili ya wateja.

Mwezi wa nane, siku ya Jumatatu, alikuja mtu mwenye kopo la rangi nyekundu na nakala ya kile kitabu. Alisema unachimbwa mtaro wa maji ya mvua. Mti wenye namba utapitwa kando. Usio na namba utakatwa Alhamisi. Akaupiga mkungu alama ya msalaba kifuani, pale nilipozoea kutundika mkasi wangu. Kisha akaizungushia nguzo mawe yaliyopakwa chokaa, ili wachimbaji wasije wakaumiza mizizi yake.

Niliacha kushona. Nilikuwa na sare za shule kumi na sita mezani, na sikuona pa kuanzia.

Wifi alitoka, akautazama ule msalaba, na safari hii hakutania. "Nitahamishia meza yangu uani," akasema. "Uingie ndani wewe."

"Uani kuna choo na kamba za nguo za wapangaji wanne."

"Nitabanana nao."

"Meza siyo shida, wifi. Shida ni macho."

Akachukua mkasi wangu, akautundika palepale juu ya rangi mbichi. Mpaka leo mkasi ule una mpini mwekundu.

Jumanne nilimfuata Bwana Miti ofisini kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mkungu hauwezi kuingizwa kitabuni mpaka hesabu nyingine, nayo hufanyika kila baada ya miaka mitano. Ilibaki miaka minne na ushei.

"Lakini namba inaweza kuhama," akasema. "Mti ukifa, mlezi anajaza taarifa ya kifo, na namba inakwenda kwa mti ulio karibu zaidi, kama upo ndani ya hatua kumi. Wako uko hatua ngapi?"

"Tatu."

"Basi umeshamaliza." Akanisogezea karatasi. "Jaza kwamba 214 umekufa. Sababu, andika ukame."

"Nimeumwagilia ndoo mbili kila wiki kwa miezi minane."

"Andika wadudu."

"Hauna wadudu. Wewe mwenyewe ulikagua."

"Mama fundi, hii ni karatasi tu."

Nikamwonyesha mstari wa chini. Ulisema: Nathibitisha mbele ya Mungu kuwa haya niliyoandika ni kweli. Akausoma kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Na mlezi aliyeachia mti ufe anafutwa," akaongeza taratibu. "Jina linasomwa mkutanoni. Hapewi mti mwingine. Hilo nalo ulijue."

Nikaikunja karatasi, nikarudi nayo nyumbani. Sikulala vizuri. Kusema kitu kimekufa ni kusema kilikuwa hai, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ile ni nguzo. Kama ningeandika ukame, ningekuwa nimejinunulia kivuli kwa uongo, na sikujua ningekaaje chini yake.

Jumatano alfajiri nilipiga magoti, nikamwambia Mungu kwamba sina maneno, anipe hata mawili. Kulipopambazuka nikatoka, nikaketi kwenye cherehani, uso wangu kuelekea nguzo. Jua lilikuwa linaipiga kwa ubavu. Kwa miezi minane nilikuwa nimeimwagia maji miguuni bila kuitazama sawasawa. Sasa nikaona vifundo. Kimoja usawa wa kichwa changu, viwili juu yake, kingine upande wa barabarani, vyote vimesawazishwa kwa panga au shoka na kupakwa dawa. Palikuwa mahali pa matawi.

Nikaomba kalamu kwa wifi, nikajaza.

Je, mti umekufa? Ndiyo. Tarehe ya kifo: Kabla sijakabidhiwa. Sababu: Ulikatwa. Ushahidi: Vifundo vya matawi kumi na vinne, nimevihesabu mpaka macho yangu yanapofika.

Bwana Miti aliisoma mara mbili. "Kabla hujakabidhiwa," akasema. "Basi siyo kosa la mlezi. Hufutwi." Akagonga muhuri, akaupulizia ukauke. "Na siwezi kubisha hata neno moja. Ingekuwa ukame ningebisha."

Alasiri alikuja na nyundo. Aling'oa kibati kwenye nguzo bila taabu, akauendea mkungu, akaweka msumari, akapiga. Mkungu wetu unakaliwa na majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani yao juu. Pigo moja tu, wakamshukia mkono mzima hadi kwapani. Akarudi nyuma akijikung'uta, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mgongo wake ukagota kwenye nguzo.

Akasimama pale. Kibati mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Akageuka akaitazama ile mbao laini isiyo na mdudu, yenye matundu mawili ya misumari yanayosubiri.

"Kiangazi kile," nikamuuliza, "nani alihesabu mtaa huu?"

"Tulikuwa wawili," akasema, akijikuna.

"Bwana Miti," wifi akaita kutoka mlangoni, pasi mkononi. "Usithubutu."

"Sikuwa nathubutu, dada. Nilikuwa napumzika."

Nikamwomba kibati. Nilikuwa na kipande cha turubai kilichobaki niliposhona mkoba wa mteja. Nikakikata ukanda mrefu, nikakishona mara mbili kila upande, nikashikiza kibati katikati kwa uzi wa viatu, nikatia na kifungo cha chuma cha mkanda wa suruali. Majimoto walining'ata nilipokuwa naufunga, ila kwa kiasi, maana tumezoeana miaka tisa. Bwana Miti alifungua kitabu chake cha kanuni, akasoma kwa sauti: "Kibati kionekane kutoka barabarani." Akavuka barabara, akaangalia kutoka ng'ambo.

"Kinaonekana," akasema. "Msumari haukutajwa."

Alhamisi saa mbili asubuhi wakataji wakafika na msumeno wa injini. Msimamizi wao alikuwa na karatasi mbili. Niliketi nikaiinamia cherehani yangu huku mguu ukikanyaga na sindano ikishona hewa. Akafika kwenye mkungu, akautazama msalaba mwekundu, akatazama kibati, akatafuta kwenye karatasi ya kwanza, akafuta kitu kwa kalamu, akapita.

Kisha akatoa karatasi ya pili, inayohusu kuondoa miti iliyokufa. Akasimama mbele ya nguzo.

"Mama, marehemu ndiye huyu?"

"Ndiye."

Akainua macho, akafuata waya moja baada ya nyingine hadi kwenye nyumba zetu. "Ana waya."

"Anazo."

Akafikiri kwa muda wa kutosha. Akaandika mstari mmoja, akanionyesha nitie sahihi kama shahidi. Alikuwa ameandika: Umekutwa umeshakatwa.

Nilitia sahihi kwa moyo mweupe. Usiku ule nilimtaja katika maombi, yeye na watoto wake kama anao.

Mtaro ulichimbwa. Umepinda mara mbili mbele ya mlango wetu, mara moja kwa ajili ya mkungu, mara ya pili kwa ajili ya yale mawe ya chokaa, ambayo hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuyaondoa.

Baada ya miezi mitatu Bwana Miti alikuja kukagua. Alisimama mbali kidogo na matawi, mikono ya shati imeshuka hadi viganjani ingawa kulikuwa na joto, akajaza kadi yangu. Namba 214. Hali, umepona kabisa. Majani, mengi. Shina, limepinda, awali halikuwa hivi.

Wifi aliisoma juu ya bega langu. "Nilikwambia usiuombee kupita kiasi. Ona sasa."

Jumamosi hiyo nikamwagia mkungu ndoo zake mbili. Wifi akatoka na kikombe cha maji anayonyunyizia nguo, akatembea zile hatua tatu, akakimimina chote chini ya nguzo.

"Na marehemu naye," akasema, akarudi ndani kwenye pasi yake.