Mtihani wa Kuosha Injini

Sipendi kupigiwa kelele asubuhi, na kaka yangu analijua hilo fika. Lakini Jumamosi ile alinipigia simu hata mswaki sijamaliza. "Baba kasahau jiko tena! Sufuria imeungua mpaka imekuwa mkaa. Leo namnyang'anya ufunguo wa gari, na wewe uje unisaidie."

"Sufuria na gari wapi na wapi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimewaka. Gari lile Baba ameliendesha miaka thelathini na moja. Tangu astaafu ndilo linalomtoa kitandani. Umpokonye, halafu umwachie nini?

Njiani nikapata wazo. Mimi kazi yangu ni kuosha magari, na kwa upande wa injini sina mpinzani, nasema bila kuona haya. Aliyenifundisha ni Baba. Kuosha injini si kumwaga maji tu. Kuna mpangilio wake, ukiruka hatua moja gari linagoma kuwaka, na wewe unabaki unakuna kichwa.

Nilipofika nikamvuta kaka pembeni. "Mwache Baba aoshe injini peke yake, tusimkumbushe chochote. Akisahau hatua hata moja, chukua ufunguo, sitii neno. Asiposahau, hili la ufunguo nisilisikie tena."

Kaka akakubali mbio mbio. Moyoni alishashinda.

Tulipomweleza Baba, alicheka mpaka akakohoa. "Mtihani, na mvi hizi? Haya, walimu wangu, kaeni."

Kaka ndiye aliyekuwa ametoka kulitia gari mafuta, injini bado inafuka joto. Akafungua boneti, akaunyakua mpira wa maji, eti anasaidia.

"Wee! Weka chini!" Baba akamfokea. "Chuma cha moto unakimwagia maji ya baridi? Kipasuke? Tena mvuke ukupige usoni, mkeo akukatae mlangoni?"

Nikacheka kwa sauti makusudi. Tukangoja karibu saa nzima. Baba alikuwa akiweka kiganja juu ya injini na kukitoa, mpaka kikatulia pale bila kumchoma.

Ndipo akachukua spana, akafungua waya wa hasi wa betri na kuukunja kando. Akaokota majani makavu yaliyojibana kwenye pembe za injini. Akaivika alteneta, ile inayochaji betri, mfuko wa plastiki, akakivika kisanduku cha fyuzi, akauziba mdomo wa kuvutia hewa, kila mfuko akiukaza kwa rababendi. Nilikuwa nahesabu kimyakimya, nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Usisahau, Baba. Tafadhali usisahau.

Akapaka dawa ya kukata grisi, akasugua kwa brashi taratibu, hata chini ya rejeta ambako wavivu hawafiki. Kabla dawa haijakauka akafungulia maji, machache, ya kutiririka tu. Akafuta kwa tambara. Akavua mifuko yote, akapuliza na kukausha plagi moja moja, akarudisha waya wa betri na kuutikisa kuona kama umekaza.

Alipowasha, injini iliitika mara moja, ikanguruma bila kukohoa.

"Umeona?" nikamrukia kaka. "Haya, sema sasa! Sema!"

Kaka akainamia injini, akaikagua. Hata yeye, naapa, alikuwa anatabasamu.

Baba akazima gari. Akashuka, akafuta mikono, akanishika mkono wangu na kunitia ufunguo kiganjani.

"Baba, umeshinda," nikamwambia. "Umeshinda! Ni wako."

"Najua nimeshinda, mama. Kuosha sijasahau." Akaangalia injini ile inavyong'aa. "Juzi nilisimama pale njia panda ya sokoni. Sikujua nyumbani ni kulia au kushoto. Nikakaa humo ndani ya gari mpaka dereva wa lori akaja kunigongea kioo. Akaniuliza, mzee, unaumwa? Nikamwambia nimepumzika."

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza.

"Niliona aibu. Halafu sikutaka kunyang'anywa. Kukabidhi ni kitu kingine." Akamgeukia kaka, akampigapiga begani. "Na wewe usilie, uliona sawa. Ila ulikuja vibaya."

Kaka alikuwa ameshageukia ukutani.

Nilitaka kubisha. Mimi ni mtu wa kubisha, uliza yeyote. Lakini Baba alikuwa ameshazunguka gari, amefungua mlango wa pili na kuketi. "Twende tukalijaribu," akasema. "Na usiende mbio, injini imetoka kuoga."

Nikakaa kwenye usukani. Pembeni nilimsikia akipapasa, mara huku, mara kule, anautafuta mkanda. Miaka thelathini na moja, hakuwahi kujua mkanda wa upande ule unafungwa wapi. Nikainama, nikamfungia, nikawasha gari.