Nguzo Niliyoifuta

Marafiki waliniita Bwana Wima, nami jina nililipenda. Mtu akinionyesha picha ya jumba la kale iliyopigwa kutoka barabarani, kuta zikisogeleana juu kama pande mbili za hema, meno yalikuwa yananiuma. Ukielekeza kamera juu, jengo huonekana linaanguka kwa nyuma. Hiyo ni tabia ya lenzi, na dawa yake iko kwenye kompyuta: unachora mstari kwenye pembe moja ya ukuta, unachora mwingine kwenye pembe ya pili, unaiambia programu kwamba hapa ndipo wima, na picha nzima inanyooka. Kisha unafifisha rangi, unazidisha kivuli chini ya madirisha, unafuta nyaya, ndoo, nguo zilizoanikwa, na watu. Jumba linabaki peke yake. Hapo ndipo nilipokuwa nasema, sasa hii ni picha.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikufundishwa na mtu. Nilichokijua nilikitafuta mwenyewe, kwa hiyo niliringa nacho kama aliyekiumba.

Shangazi yangu alikaa kwenye nyumba ya ghorofa moja mwisho wa barabara, nyumba ya mawe yenye roshani ya mbao. Ndiye aliyenilea humo tangu nilipokuwa na miaka saba, mama alipofariki. Wapangaji wa chini walishahama. Nyumba ya jirani ilikuwa imebomolewa mwaka uliotangulia, na upande ule palibaki kiwanja kitupu chenye magugu. Mimi nilikuwa nimepanga chumba ng'ambo ya mji, na kila Jumapili nilikwenda kwake. Nilikuwa sina kwingine pa kwenda Jumapili.

Siku moja ofisi ya majengo ikatoa tangazo. Nyumba zote za kale za barabara ile zingekaguliwa. Itakayoonekana imeinama, wenyewe watahama na itavunjwa. Wahandisi walikuwa wachache na nyumba nyingi, kwa hiyo kila mkazi apeleke kwanza picha. Yenye mashaka ndiyo wataiendea na vipimo.

"Wewe si mpiga picha?" Shangazi aliniambia. "Miaka yote unapiga nyumba za watu. Leo piga ya kwenu."

Nilisimama barabarani na kamera yangu. Yeye alikaa roshanini kwenye kiti chake cha plastiki, akishona pindo la gauni.

"Nitoke?" aliuliza.

"Kaa tu, Shangazi. Nitakufuta baadaye."

"Utanifuta!" Alicheka mpaka sindano ikamdondoka. "Haya, mwanangu, nifute vizuri basi. Nisije nikabaki mguu."

Nilimfuta vizuri. Hakubaki mguu wala kivuli. Nilinyoosha pembe zote mbili za nyumba, nikaona jambo la kuchekesha: nguzo ya taa iliyokuwa kando ya nyumba sasa ilionekana imelala upande kama mlevi. Nikasema moyoni, hawa nao, hata nguzo wameshindwa kuisimika! Nikaifuta. Nilipoweka mawingu mazito nyuma ya paa, nyumba ilisimama kama imejengwa jana na kuachwa leo.

Mhandisi aliipokea kwenye dirisha la ofisi ya majengo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitazama sana.

"Nyumba ya jirani ilivunjwa," alisema. "Hii haikuinamia huko?"

"Mzee, mimi sijawahi kuleta picha iliyopinda."

Alinitazama juu ya miwani, akagonga muhuri.

Barua ilipofika kwamba nyumba imepita, Shangazi aliitembeza kwa majirani. Picha akaitilia fremu na kuitundika sebuleni. Jumapili ile alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Imependeza mpaka naionea haya," alisema. "Ila mimi niko wapi?"

"Nilikufuta, Shangazi. Tulisema."

"Nilikuwa natania."

Alikwenda jikoni, nikasikia bomba likifunguliwa na maji yakimwagika muda mrefu kuliko inavyohitaji sufuria moja.

Wiki mbili baadaye nilimkuta fundi seremala ngazini, randa mkononi, amekasirika. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umegoma tena kufunga.

"Bwana Wima!" alisema. "Mlango huu nimeuranda mara tatu. Nikiuranda tena shangazi yako atabaki na kibao cha kukatia vitunguu."

"Labda mbao zimevimba."

"Mbao zivimbe kiangazi hiki? Mlango hauna kosa, ndugu yangu. Fremu ndiyo imekwenda upande. Na fremu haitembei peke yake, imebebwa na ukuta."

Nilitaka kumjibu kwa maneno makali, maana nilikuwa nayo tele. Lakini kupitia dirisha la chumba kile niliiona nguzo ya taa. Ilikuwa imesimama wima kabisa.

Nilichukua uzi wa Shangazi wa kushonea, nikafunga kitasa kibovu kwenye ncha yake, nikauteremsha kutoka dirisha la upande wa kiwanja. Fundi alishuka kunisomea kipimo. Juu uzi ulikuwa umegusa ukuta.

"Huku chini uko mbali!" alipaza sauti. "Shubiri! Shubiri na vidole vitatu!"

"Shubiri ya nini?" Shangazi aliuliza nyuma yangu. "Unavua samaki kwenye magugu?"

Fundi alipanda, akaona nyuso zetu, akaanza kufuta randa yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Nyumba inaanguka, Shangazi," nilisema. "Inalala upande wa kiwanja."

"Barua si tumepewa?"

"Tumepewa kwa picha yangu."

"Kwa hiyo picha yako ni ya uongo."

"Si uongo, ni... Niliinyoosha."

Aliketi kitandani, akaupapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Miaka arobaini nimelala hapa," alisema. "Nani anajua? Wewe, mimi, na huyu mwenye randa. Ukinyamaza, nitakufa kwangu."

"Ukuta ukikuangukia je?"

"Utakuwa ukuta wangu."

Fundi aliaga bila kudai chochote. Mimi nilikaa na Shangazi mpaka alasiri. Nilijua nikinyamaza, kila Jumapili nitapanda ngazi zile nikisikiliza mawe. Nilijua pia nikisema, sitakuwa na ngazi ya kupanda.

Kesho yake nilikwenda ofisini na picha halisi, ile niliyoipiga kabla sijaigusa.

"Ile ya kwanza niliinyoosha," nilimwambia mhandisi. "Nikafuta nguzo iliyokuwa inanishtaki."

"Si wewe uliyesema hujawahi kuleta picha iliyopinda?"

"Ndiye mimi. Hii imepinda, na ndivyo nyumba ilivyo."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nilisimama nikavumilia, masikio yakiwaka. Yeye hakucheka. Alitoa rula, akaiweka juu ya nguzo, kisha juu ya pembe ya nyumba, akapumua.

"Mwambie mama asilale humo tena," alisema.

Shangazi alihamia kwa binti yake, safari ya siku mbili. Siku ya kuondoka alikunja mapazia, akafungasha sufuria, akaiacha fremu ukutani.

"Na picha?" nilimuuliza.

"Ile si yangu. Mimi simo."

Alinishika kichwa kama zamani, lakini hakuniita mwanangu.

Nyumba ilivunjwa kwa siku moja. Usiniulize nilikuwa wapi. Nilikuwa chumbani kwangu na kamera imefungwa kwenye begi. Halafu nikafungua picha halisi, zote thelathini na saba. Nyumba imeinama, nyaya zinakatiza paa, gauni limeanikwa, nguzo imesimama. Na katika kila picha yumo. Anashona. Anatafuta sindano. Katika moja ameinua mkono ananipungia, na ninakumbuka vizuri kwamba sikumpungia. Nilikuwa nangoja aushushe, asiniharibie mstari wa roshani.

Hiyo ndiyo niliyoichapisha bila kuigusa, nikamtumia. Mwezi ukapita kimya. Kisha binti yake akanipigia simu.

"Dada, ameipenda?"

"Ameitundika. Kila mgeni akiingia anainuka kuinyoosha fremu. Mama anawakemea, anasema iacheni, ndivyo tulivyokuwa."

"Yupo hapo? Nimsalimie?"

Nilisikia ameziba simu kwa mkono, na sauti mbili nyuma yake.

"Amelala," alisema.

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi. Nilivaa viatu, nikaenda hadi mwisho wa barabara. Pale palipokuwa na nyumba pametandazwa kifusi, na nguzo ya taa imebaki. Niliiegemea. Nilitazama juu, mahali roshani ilipokuwa, nikainua mkono.