Mshale Ulioinama

Mjukuu wangu ni mzamiaji. Hushuka chini ya bwawa linalolisha mabomba ya mji, akasafisha chujio likizibwa na takataka. Siku hiyo nilimfuata kazini kwa kisingizio cha kumpelekea chakula. Ukweli, nilitaka kumkagua mchumba wake, fundi wa mitungi ya hewa, kijana mtanashati anayenukia sabuni kuliko kazi.

Niliwakuta ukingoni wakibishana. Mjukuu alikuwa na vipimo viwili vya hewa: cha kidijitali, kimefungwa mkononi kama saa, na cha mshale, kinaning'inia kwenye mpira kutoka mtungini.

"Huo mshale wa nini tena?" fundi akasema. "Bibi, hii saa inamwambia mpaka dakika alizobakiza."

"Mimi usininunulie. Nikiziona zangu nitakufa kabla hazijaisha."

Wakacheka. Fundi alikwisha kufungua mtungi kwa desturi yao: koki unaizungusha mpaka mwisho, kisha unairudisha kidogo. Mjukuu akatia kifaa cha kupumulia mdomoni, akajaribu, macho kwenye saa. Mtungi umejaa, namba haitikisiki. Mimi, kwa kuwa namba tuliachana nazo shule ya msingi, nikashika cha mshale.

Akavuta pumzi, mshale ukainama. Akatoa, ukainuka.

Jamani! Nimezalisha wanawake, nimeosha maiti, lakini pumzi ya mtu sikuwahi kuiona kwa macho. Na hii ilikuwa ya mtoto niliyemlea, imo kiganjani mwangu, nyuma ya kioo.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "kila ukivuta, haka kamshale kananiinamia. Kana adabu kuliko huyu bwana wako!"

Mjukuu akatoa kifaa mdomoni. Fundi akanitazama aone kama natania, kisha akashika koki nyuma ya mtungi, akaifungua. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka, ilhali ilipaswa kugota mara moja. Uso ukamshuka.

"Nilizungusha kinyume," akasema taratibu. "Niliifunga yote, ndipo nikairudisha kidogo. Koki ikiwa wazi, mshale hauinami mtu akivuta."

"Na saa yako je?"

"Inapokea namba kwa vipindi, Bibi. Imesoma katikati ya pumzi na pumzi."

Hapa juu kile kijipenyo cha hewa kilichobaki kwenye koki kilimtosha. Kule chini, kwenye uzito wa maji, angevuta na hewa isije.

Mjukuu hakumgombeza. Alipumua upya, sisi watatu vichwa vimegusana juu ya kile kioo. Kifua chake kikapanda, kikashuka. Mshale ukatulia tuli.

Akashuka. Maji yakajifunga juu yake, yakabaki mapovu: kundi, kimya, kundi jingine. Fundi akaketi kwenye tope na suruali yake ya pasi, nami nikaketi ubavuni pake. Mzaha wote ulinikauka. Kila mapovu yalipochelewa tulibana pumzi, na yalipopasuka tukavuta hewa, mimi na yeye kwa pamoja.