Mwangalie Machoni

Kabla ya kompyuta, sisi wafamasia wa milima ya Kentucky tulipigiana simu kuonyana juu ya waraibu: "Kuna jamaa anakuja kwako kutaka vidonge vya maumivu. Mwangalie machoni!" Mzee Hobart Stidham ndiye aliyenifunza hivyo, dukani kwake, akifoka simuni hadi wateja wanacheka. Nayakumbuka mno makelele yale.

Jana alikuja dukani kwangu na cheti chake mwenyewe cha daktari, cha vidonge hivyohivyo.

"Nikague, Verlene. Au unaniogopa bado?"

Sheria ni msumeno. Nikafungua rekodi yake kwenye kompyuta: madaktari wanne wamemwandikia vidonge hivyo, mwezi mmoja.

Nikainua uso kumtazama. Alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Zamani ungepiga simu kuuliza," akasema, "na mimi ndiye ningepokea."